Kila Tulipoligeuza Kanisa

Karatu ya miaka ile, kila kitu kilichozimika kilizimwa na umeme mdogo. Taa ikififia, umeme mdogo. Jokofu la muuza soda likishindwa kugandisha, umeme mdogo. Nilimsikia mwanamke mmoja saluni akieleza kwamba nywele zake hazikushika dawa kwa sababu ya umeme mdogo, na wenzake kwenye benchi wakatikisa vichwa kukubali. Haukuwa uongo mtupu. Nguzo zilikuwa hazijakaa miaka mingi mjini kwetu, wateja waliongezeka kila mwezi, na mashine ya kusaga iliyokuwa ng'ambo ya barabara ilipowashwa, taa zetu zote zilipungua mwanga kwa pamoja. Kwa hiyo kompyuta ya mume wangu ilipoanza kuzimika, hakuna aliyehangaika kutafuta sababu. Sababu tulikuwa nayo tayari.

Tulikuwa na chumba kimoja cha biashara. Mbele nilikaa mimi na mashine ya fotokopi na kompyuta ya kuchapia. Nilichapa barua za vijana walioomba kazi ya kuongoza watalii kreta, katiba za vikundi vya wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, na mitihani ya shule za msingi. Nyuma ya kabati la mafaili alikaa mume wangu na meza yake ya kuchorea ramani za majengo. Mimi nilitoka Kilimanjaro, nikaja Karatu kumsaidia shangazi yangu kuuza katika duka lake la vinyago, nikaolewa nikabaki. Yeye ni mtoto wa Endamarariek, na mama yake bado alikuwa akilima kule kule alikomzalia.

Alikuwa mchoraji mzuri, lakini kazi zilizomfikia zilikuwa za uani. Hoteli za watalii zilichorewa Arusha au Nairobi. Yeye aliachiwa nyumba za wafanyakazi, vyoo na mabanda ya jenereta. Alizichora kwa unadhifu uleule. Siku moja aliniambia, bila kulalamika, kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuchora jengo lenye mlango wa mbele.

Ndipo kigango cha kwao kikaamua kujenga kanisa jipya. La zamani lilikuwa la matofali ya udongo, na ukuta wake wa upande wa madhabahu ulishikiliwa na magogo mawili kwa nje. Mume wangu alibatizwa humo. Aliomba kazi ile ya kuchora kwa barua niliyoichapa mimi mara tatu, kwa sababu kila mara alibadilisha neno.

Kamati ya ujenzi ilikuja kuangalia ramani yake, wakulima watano waliovaa vizuri, wakaizunguka meza. Mwenyekiti wao, mzee mrefu wa koti la kijani, aliiangalia muda mrefu. Kisha akauliza kwa upole kwa nini kanisa halina paa. Mume wangu alieleza kwamba ramani ya sakafu huchorwa kana kwamba paa limeinuliwa, ili mtu aone ndani. Mzee akasema ameelewa. Baada ya muda kidogo akauliza kama paa litagharamiwa na mtu mwingine.

Hawakuwa wajinga. Mtu anayeweza kusimama pembeni mwa shamba akasema litatoa magunia mangapi ya ngano si mjinga. Ila hawakuwa wamezoea kuangalia nyumba kutoka juu kama kunguru. Tatizo ni kwamba ofisi moja ya Arusha ilikuwa imewaahidi picha ya rangi, kanisa limesimama na maua pembeni. Mwenyekiti alisema watarudi siku ya mnada wa ng'ombe, kwa kuwa siku hiyo wote watakuwa mjini hata hivyo, na siku hiyohiyo wataamua. Tulikuwa na wiki tatu.

Mume wangu alikuwa na programu ya kusimamisha jengo kwenye kioo na kulizungusha, lakini kompyuta yake haikuiweza. Picha iliganda, au kuta zilikuja bila milango. Alihitaji kadi ya picha, ile inayochomekwa ndani ya boksi la kompyuta ili kufanya kazi nzito ya kuchora. Akaenda Arusha. Alikuwa mtu wa kujiandaa: kabla ya kuondoka alifungua boksi akanakili kila kilichoandikwa kwenye pawa saplai, ile sehemu ya nyuma yenye feni ambayo hupokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa vya ndani. Stika ilisema wati mia nne. Kule dukani, boksi la kadi lilisema kompyuta iwe na pawa saplai isiyopungua wati mia tatu na hamsini. Akauliza, "Itaingia?" Muuzaji akasema itaingia, tena bila shida.

Na kweli iliingia. Aliichomeka saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimeshika skurubu kwenye kiganja. Saa tano kanisa lilikuwa limesimama kwenye kioo, na paa lake la bati jekundu, na madirisha marefu. Aliniita. Nilimwacha mteja na kopi zake nikaenda. Alishika mausi kama mtu anayeshika yai, akaanza kulizungusha taratibu ili nione ubavu. Kanisa likageuka kidogo, likaanza kuonyesha upande wa madhabahu, kompyuta ikazima. Si picha tu. Feni, taa, kila kitu.

"Umeme mdogo," akasema mteja kutoka mbele, ingawa alipokuwa asingeweza kuona kilichotokea.

Tukanunua stabilaiza, lile kasha zito la kusawazisha umeme wa ukutani, kubwa kuliko tuliyokuwa nayo. Kompyuta ikazima. Tukaazima kubwa zaidi ya muuza nyama. Ikazima, na muuza nyama akaja kuuliza habari za stabilaiza yake zaidi ya habari zetu. Ndipo mume wangu akaitazama mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara.

Mimi nilimwambia aache. Hakuacha. Alivuka barabara akamwomba mama mwenye mashine azime kwa nusu saa, kwa ajili ya kanisa. Sijui kama angekubali kwa ajili ya kitu kingine. Alizima. Wanawake walikuwa kwenye foleni na ndoo zao za mahindi, na walipoambiwa sababu walikaa chini ukutani wakasubiri kwa subira ya watu wenye habari ya kusimulia. Mtaa ukawa na kimya ambacho sikuwahi kukisikia mchana. Mume wangu akawasha, kanisa likasimama, taa ya dari iking'aa sawasawa. Akaligeuza. Ikazima.

Mwanamke mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Baba, kanisa limeshajengwa? Watoto hawajala."

Walicheka wote, na mama mwenye mashine akacheka akivuta swichi yake. Mume wangu alirudi akakaa nyuma ya kabati. Alibaki hapo mpaka tulipofunga. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nina tabia ya kuandika mambo. Nilipokuwa mdogo niliandika saa mabasi yalipopita nyumbani, bila kuwa na sababu yoyote. Kwa hiyo tangu ile siku ya kwanza nilikuwa nimeandika nyuma ya daftari la oda kila mara kompyuta ilipozima: saa, hali ya taa, mashine ya kusaga inafanya kazi au haifanyi, na yeye alikuwa akifanya nini. Baada ya siku ile ya kimya nilikaa nikaisoma orodha yote. Ilizima asubuhi, ilizima mchana. Ilizima taa zikiwa hafifu na zikiwa kali. Safu tatu hazikukubaliana kwa lolote. Safu ya nne ilikuwa na neno lilelile kutoka juu hadi chini: analigeuza, analigeuza, analigeuza. Haikuwahi kuzima kanisa likiwa limetulia, wala alipokuwa akiandika barua, hata siku ambayo umeme ulikuwa mdogo kiasi kwamba fotokopi ilikataa kuchukua karatasi.

Nilimwonyesha. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema, kama mtu aliyeambiwa habari mbaya za nduguye, "Kwa hiyo ni kanisa."

Nikamwambia si kanisa, ni kazi ya kuligeuza. Kadi ikipumzika inakula kidogo. Ikianza kuchora ubavu na paa na madirisha kwa wakati mmoja inakula sana, na kuna kitu humo ndani kinachoishiwa. Akasema haiwezekani, kadi inataka mia tatu na hamsini, sisi tuna mia nne, yeye mwenyewe alilinganisha. Hapo ndipo tulipomwita fundi redio.

Fundi redio alikuwa jirani yetu wa ukuta, Mwiraqw wa umri wa baba mkwe wangu, mwenye kibanda kilichojaa redio ambazo wenyewe walizisahau. Alianza kwa kutangaza kwamba hajui kompyuta na hataki kuambiwa baadaye kwamba alisema anajua. Alisemezana na mume wangu Kiiraqw kidogo, kisha wakakumbuka niko pale wakarudi kwenye Kiswahili. Mume wangu alifungua skurubu nne, akatoa pawa saplai, akampa. Mzee hakuisoma. Aliipandisha na kuishusha mkononi, kama mtu anayepima kuku sokoni, uso wake ukafunguka.

"Mwanangu, hii nyepesi kama mkate."

Alikwenda kibandani akarudi na transfoma ya redio ya zamani, ndogo kama ngumi, akaniwekea mkononi. Mkono ulishuka. Aliniuliza kama nimewahi kuziona redio za kaseti zilizoandikwa wati elfu mbili, ambazo kijana anazibeba kwapani na zinaimba kwa betri sita. Nikasema nimeziona. Akauliza hizo wati elfu mbili zinatoka wapi. Nikasema sijui. "Kwenye kiwanda cha stika," akasema.

Kisha akaeleza kwa namna ambayo sijaisahau. Alisema wakulima wa Mang'ola wanajulikana kwa lumbesa: gunia linashonewa kofia juu, vitunguu vinajaa kupita kipimo, mnunuzi anafurahi na mbeba mizigo analaani. Huyu aliyetengeneza hii amefanya kinyume. "Ameandika gunia, ndani katia kopo la sado."

Baadaye nilikuja kusoma kwamba uzito si kipimo cha uhakika, ingawa wanaotengeneza vifaa hafifu huanza kubania shaba na chuma cha ndani. Lakini wakati ule maneno yake yalinifanya nirudi kuisoma stika vizuri, yote, si ile namba kubwa tu. Chini ya mia nne kulikuwa na jedwali dogo la maandishi madogo kama ya pakiti ya dawa. Umeme unaotoka haukuwa wa aina moja. Ulikuwa umegawanywa kwenye mistari: volti tatu na kitu, volti tano, volti kumi na mbili, kila mmoja na ampea zake, yaani wingi wa umeme unaoweza kupita humo. Nikachukua boksi la kadi. Pembeni, chini ya picha ya gari la mbio, kulikuwa na sentensi ambayo hatukuwa tumeifikia: ampea kumi na nane kwenye mstari wa volti kumi na mbili. Nikarudi kwenye stika. Mstari wetu wa volti kumi na mbili ulikuwa na ampea kumi.

Kumi mara kumi na mbili ni wati mia moja na ishirini, na humo humo zinakula prosesa, diski na feni. Zile nyingine za kufikisha mia nne ziliandikwa kwenye mistari ambayo kadi haikuigusa. Ni kama mtu aliyeambiwa nyumba ina maji mengi, halafu akakuta mengi yako kwenye bomba la bustani na jikoni yanadondoka tone kwa tone.

Mume wangu alikaa kwenye kiti changu. Nilidhani atakasirikia stika. Badala yake alicheka mpaka akavua miwani, akasema amewasumbua wanawake wa watu na mahindi yao. Kesho yake alikwenda kumwomba radhi mama mwenye mashine, na mama akamwambia hakuna shida, ila kanisa likifunguliwa anataka kiti cha mbele.

Alipompigia simu muuzaji wa Arusha nilisikiliza upande mmoja wa mazungumzo na nikaona yanaelekea kulekule. Muuzaji alikuwa na pawa saplai ya wati mia tano na hamsini, mpya, nzuri, yenye taa ya bluu. Mume wangu alikuwa akirudia kila sifa na kusema ndiyo, ndiyo. Nikaomba simu. Nikamsalimu, nikamwuliza mstari wa volti kumi na mbili una ampea ngapi.

"Dada, hii ni mia tano na hamsini," akasema.

"Nimesikia, kaka. Nisomee jedwali."

Alikwenda, akarudi. Kumi na nne. Nikamshukuru, nikamwomba asome nyingine. Alisoma nne. Ya mwisho ilikuwa ya wati mia nne tu, haina taa, imekaa rafu ya chini kwa sababu hakuna aliyeitaka. Ampea ishirini na mbili. Nikamwomba aishike mkono mmoja na ile ya taa ya bluu mkono mwingine, aniambie ipi nzito. Alicheka, akaniuliza kama nanunua kompyuta au mbuzi. Lakini nilisikia akiziinua. Sauti yake ilibadilika kidogo. "Hii ya mia nne inavuta mkono," akasema.

Alikuwa kijana mwaminifu. Siku zile wengi walikuwa wakiuza namba kubwa kwa sababu wateja walikuja kununua namba kubwa. Aliituma kwa basi, ikafika kabla ya mnada kwa siku moja, imefungwa kwenye boksi la biskuti. Mume wangu aliibeba kutoka stendi kwa mikono miwili. Waya zake zilitosha kila mahali, pamoja na ile ya kuilisha kadi moja kwa moja. Aliwasha. Kanisa likasimama. Akaniangalia, mimi nikaangalia dari. Akaligeuza: ubavu, madhabahu, ubavu wa pili, mlango. Likarudi lilipoanzia. Akaligeuza tena upande mwingine. Feni ya kadi ilinguruma kama nzi kwenye chupa, lakini haikuzima.

Siku ya mnada walifika wote watano, na vumbi la ng'ombe kwenye viatu. Mwenyekiti alikuwa na picha ya Arusha kwenye bahasha. Aliitoa akaiweka mezani kwa heshima, na ilikuwa nzuri kweli, na maua na gari dogo jeupe mbele ya mlango. Nilimwona mume wangu akiiangalia. Aliwavutia benchi, akawasha.

Mwanzoni alikosea. Alikuwa na furaha ya kwamba haizimi, kwa hiyo aliligeuza kanisa mfululizo, mara saba au nane, bila kusimama. Katika kamati kulikuwa na bibi mmoja aliyewakilisha akina mama wa kigango, mwenye shuka jeusi begani. Alivumilia, kisha akamshika mume wangu mkono.

"Mwanangu, lisimamishe. Kichwa kinazunguka."

Akalisimamisha. Bibi akaomba arudishwe nyuma ya kanisa. Akauliza upepo wa mvua utapiga wapi. Mume wangu akamwonyesha. Akauliza maji ya paa yataanguka wapi, na akaonyeshwa. Kisha akauliza siku za sikukuu akina mama watapikia wapi. Mume wangu alikuwa amechora mlango wa mbele kwa upendo wa miaka yote aliyoukosa, na nyuma aliacha ukuta mtupu. Yeye, aliyekuwa amechora majiko ya uani maisha yake yote.

Aliomba dakika chache. Mbele ya macho yao alivuta paa la nyuma likashuka kidogo, akaweka nguzo tatu, akaligeuza kanisa ili bibi aone. Bibi aliinama karibu sana na kioo. Akasema nguzo ziwe nne, kwa sababu masufuria ni mengi. Akaongeza ya nne.

Mwenyekiti aliinua picha ya Arusha, akaigeuza upande wa nyuma. Karatasi nyeupe.

"Hili halina mgongo," bibi akasema, na wenzake wakacheka, hata mwenyekiti.

Hawakutoa jibu pale pale. Mwenyekiti alisema yeye hana kanisa, waumini ndio wenye kanisa, na mambo yatasomwa Jumapili. Mume wangu aliwachapia picha nne, moja kwa kila upande, na bibi akachukua ile ya nyuma akaikunja ndani ya shuka.

Jumapili tulikwenda Endamarariek. Baada ya ibada katekista alisoma barua mbili, ya Arusha na ya kwetu, kwa sauti ileile, na picha zikapitishwa kwenye mabenchi kutoka mkono hadi mkono. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akiangalia viatu vyake kama mtoto anayesubiri majina ya waliofaulu. Mwenyekiti akaomba wanaoitaka ya Arusha wanyooshe mikono. Ilinyooshwa michache, hasa ya vijana, nadhani kwa ajili ya lile gari jeupe. Akaomba wanaoitaka ya mtoto wa hapa. Mikono ilipanda upande wote wa akina mama, na nyuma, na hata nje dirishani. Mama mkwe wangu, aliyekaa benchi la tatu, nyuma yetu tu, alinyoosha yote miwili. Mwenyekiti alimwomba, kwa heshima zote, ashushe mmoja. Akaushusha, na kwa mkono ule uliobaki huru akampiga mwanawe kofi dogo mgongoni, ili ainue kichwa na mkono, ahesabiwe pamoja na wengine.